Kitabu cha Kapteni Slocum: msiruke kurasa za fundi, na muangalie toleo mnalonunua

Wacha nianze na pesa, ndio mtu mwingine asifanye kosa nililofanya. Hiki kitabu cha kapteni aliyezunguka dunia peke yake kwa mashua nimekinunua mara mbili. Mara ya kwanza niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, 1,200 bob pamoja na kutumiwa paseli mpaka stej hapa Kisumu, kava inang'aa, imewekwa picha ya mashua ya kisasa nyeupe ambayo haifanani ata kidogo na ile ya Slocum. Nikasoma siku mbili bila shida, kufika pale ameingia ule mlango wa bahari wa Magellan kule chini kabisa ya Amerika Kusini, upepo unamshukia kutoka milimani, moyo unanidunda, peji zikaruka. Kutoka 96 unajikuta 129, alafu kuanzia 129 mpaka 140 zimerudiwa mara mbili. Ramani hakuna, michoro hakuna, na herufi kuna mahali zimevurugika mpaka sentensi haina maana, inaonekana mashine ndiyo ilisoma kitabu cha zamani na hakuna mtu alipitia kazi yake. Nilimpigia picha muuzaji nikamtumia, tiki za bluu zikatokea, jibu hakuna mpaka leo.

Ya pili nilipata kwa wale wanaopanga vitabu vya mitumba chini kando ya barabara hapa tauni. Alikuwa anataka 350, tukaelewana 300. Kava imechanika kona, kuna duara ya kikombe cha chai kwa peji ya kwanza, lakini peji zote ziko, ramani ya safari iko, michoro iko. Hiyo ndiyo naandikia hapa.

Kitabu kinaitwa Sailing Alone Around the World, mwandishi ni Joshua Slocum, kilitoka 1900. Huyu ndiye mtu wa kwanza anayejulikana kuzunguka dunia nzima peke yake kwa mashua. Alizaliwa Nova Scotia, Canada, mwaka 1844, akawa raia wa Marekani na kapteni wa meli kubwa za matanga za mizigo, alafu meli za moshi zikaja zikachukua kazi na watu kama yeye wakabaki wanakaa bandarini wanaangalia. Aliondoka Boston tarehe 24 Aprili 1895 akiwa na miaka 51, akarudi Newport tarehe 27 Juni 1898, zaidi ya maili 46,000. Hakuwa na injini, hakuwa na redio, na hakuwa na mtu wa kumshikia usukani akilala.

Sasa watu wengi wakikisifu hiki kitabu wanakusifia mawimbi na maharamia, na utasikia mtu anakushauri uruke zile kurasa za mwanzo za kutengeneza mashua, ati zinachosha. Hapo ndio nakataa, na ndio imenifanya niandike hii yote. Mimi nafanya kazi kwa hadiwea hapa Kibuye, nauza misumari, bolti, gundi, rangi, mbao kidogo, na mjomba wangu ni fundi wa mashua kule Dunga, kando ya Ziwa Victoria, tangu sijazaliwa. Hizo kurasa za mwanzo ndizo kitabu chenyewe. Ukiziruka utasoma hadithi ya mtu mwenye bahati, na ukizisoma utaelewa kwa nini hakuzama.

Ilikuwa hivi. Slocum hana kazi, anakutana na mzee mmoja kapteni wa zamani wa kuvua nyangumi, anaitwa Eben Pierce, anamwambia njoo Fairhaven, kule Massachusetts, nikupe meli, inahitaji marekebisho kidogo tu. Kufika kule, hiyo meli ni mashua kuukuu ya kuvulia chaza, imekaa shambani miaka na miaka imefunikwa turubai, Slocum akaona mzee amemfanyia mzaha. Inaitwa Spray. Slocum hakurudi nyumbani kulalamika, alichukua shoka akaenda kukata mti wa mwaloni hapo karibu kwa ajili ya mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua huko chini.

Nilikuwa namsomea mjomba hizi kurasa Jumapili mchana, yeye amekaa juu ya ubao anapigilia pamba kwenye nafasi za mbao za mashua ya mtu ili isivuje, mimi nasoma Kiingereza alafu namgeuzia Kiswahili.

"Mjomba, huyu mzee mashua alipewa bure."

"Bure?" Akasimamisha nyundo. "Mpwa wangu, hakuna mashua ya bure. Soma mbele."

Nikasoma mbele. Miezi 13 ya kazi, na vifaa vikamgharimu dola 553 na senti 62, ameandika mpaka hizo senti. Mjomba akatikisa kichwa akasema umeona. Alafu akaniuliza mataruma, yaani mbavu za mashua, Slocum aliyapindaje, kwa sababu yeye hutafuta tawi ambalo Mungu mwenyewe ameshalipinda, huwezi kulazimisha mbao ikufuate. Nikamwambia Slocum alitumia miti michanga iliyonyooka, akatengeneza sanduku la mvuke na sufuria ya kuchemshia maji, akaipika ile miti mpaka ikalegea, akaikunja juu ya gogo akaifunga hapo mpaka ikashika umbo. Mjomba aliweka nyundo chini kabisa. Alinifanya nisome hiyo sehemu mara tatu, na mara ya tatu akawa anachora kwa kidole kwenye vumbi, sanduku hapa, moto hapa, mvuke unapitia hapa. Bolti za nati alitumia kama 1,000, na hapo sasa mimi ndio nilisimama, kwa sababu najua vile wateja wangu huja wanataka misumari ya kawaida ya kilo kwa sababu bolti ni ghali, alafu baada ya misimu miwili ubao unaachia. Mbao za pembeni zilikuwa za msonobari, unene inchi moja na nusu. Mashua ilikuwa na urefu wa futi 36 na inchi 9, upana futi 14 na inchi 2, yaani imenenepa, si ile nyembamba ya mashindano.

Alafu pamba. Kuna mzee alimbishia akisema pamba aliyopigilia kwenye nafasi za mbao itatoka, Slocum akaendelea tu, na mashua ilipoingia majini ikakaa bila kuvuja. Wakati nasoma hiyo mkono wa mjomba uko kwenye pamba hiyo hiyo, patasi na nyundo, kidogo kidogo, anasokota uzi kwa vidole kabla ya kuingiza, na sauti ya nyundo inabadilika pamba ikishiba, inakuwa kama unagonga kitu kimoja kizima. Mimi nimekulia hapo na sikuwahi kuisikia hiyo tofauti mpaka siku hiyo, kitabu cha Mmarekani wa miaka ya 1890 ndio kilinifungua masikio.

Na watu walikuwa wanapita wanamuuliza Slocum kama hii kazi italipa. Zaidi ya mwaka mzima swali ni hilo hilo, italipa? Mjomba naye ameulizwa hivyo maisha yake yote, hasa saa hii mashua za faiba zimeingia. Hakusema kitu niliposoma hiyo, alichukua tu nyundo yake akaendelea.

Kitu kingine ambacho kinaniuma vile watu hukipita: Slocum anaeleza kwamba ile Spray ya zamani iligeuka kuwa mpya polepole sana, ubao mmoja baada ya mwingine, mpaka huwezi sema ni saa ngapi ile ya kwanza iliisha na ya pili ikaanza. Kila mtu pale Dunga anajua mashua ambayo imebadilishwa kila kitu na bado inaitwa jina lile lile la marehemu baba ya mtu. Tulijadili hiyo na mjomba na wavuvi wawili waliokuwa wanapanga nyavu, jua likazama tukiwa hapo hapo.

Safari yenyewe ni tamu, sitawaharibia yote. Ile saa yake ya bati aliyoinunua Yarmouth bei ilikuwa dola moja na nusu, na kwa sababu kioo kilikuwa kimevunjika akapewa kwa dola moja, na hiyo ndiyo saa pekee aliyozunguka nayo dunia, baadaye ata ikapoteza mshale wa dakika. Mahali pake baharini alikuwa anapata kwa kupima mwezi na jua na kupiga hesabu kwa vitabu, na kuna siku hesabu ilikataa, akarudia na kurudia, mwishowe akagundua kosa halikuwa lake, lilikuwa ndani ya majedwali yaliyochapishwa. Mtu alienda shule kidogo sana utotoni. Kule Visiwa vya Cocos, ndani ya Bahari ya Hindi, alifika baada ya siku 23 na maili 2,700, na kwa siku zote hizo hakushika usukani zaidi ya masaa 3, tena pamoja na ile kazi ya kuingia bandarini. Hapo mjomba alikataa, akasema huyo anadanganya. Ikabidi nimsomee tena vipimo. Mkuku mrefu, mashua pana, matanga yamesawazishwa mbele na nyuma, usukani umefungwa kamba, upepo mmoja wa kusi unavuma siku nyingi bila kugeuka. Alifikiria kwa muda mrefu, akasema kwa ziwa letu haiwezekani kwa sababu upepo wetu una zamu, asubuhi unatoka nchi kavu unakusukuma ndani, mchana unageuka unatoka ziwani unakurudisha, lakini kama kuna upepo haugeuki na fundi alisawazisha, basi inawezekana. Nilifurahi sana kumsikia akikubali, maana mjomba si mtu wa kukubali haraka.

Kule kisiwa cha Saint Helena, Atlantiki, alipewa mbuzi, na huyo mbuzi akatafuna kamba na akala ramani ya visiwa vya Karibi, ile ramani alikuwa anaihitaji mbele ya safari, ikabidi amshushe kisiwa cha Ascension. Mtu yeyote amepanda boti ya kwenda kisiwa cha Mfangano na mbuzi wa mazishi amefungwa hapo miguuni ataiona hiyo picha. Afrika Kusini alikutana na Kruger, rais wa Transvaal, kule Pretoria, na Kruger alikuwa anaamini dunia ni bapa, akamsahihisha kwamba hawezi kuwa anaizunguka dunia, labda yuko tu ndani yake. Slocum anaeleza hiyo kwa heshima na kwa kifupi, na mimi napenda vile anaandika, hajitutumui. Wimbi linalofunika mashua mpaka yeye anapanda mlingotini kujiokoa analieleza kwa mistari michache alafu anaendelea na chai.

Kuna sehemu ilinikaa kifuani. Pwani ya Uruguay mashua ilipanda mchanga, akashuka kwa mtumbwi mdogo kupeleka nanga, ule mtumbwi ukajaa maji ukapinduka, na yuko hapo majini ndio anakumbuka hajui kuogelea. Kapteni wa miaka yote hiyo! Wavuvi wengi ninaowajua hapa ziwani hawajui kuogelea pia, na wakija dukani kwangu hununua kamba na gundi na rangi, jaketi ya kuokolea wanasema watanunua mwezi ujao. Nilisomea wale wavuvi wawili wa nyavu hiyo sehemu na sikuongeza neno. Mmoja alikuja Jumanne akachukua jaketi mbili.

Sasa yale sikupenda. Wakaaji wa Tierra del Fuego, kule ncha ya chini ya Amerika Kusini, anawaita washenzi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Naelewa alikuwa peke yake na alikuwa ameonywa kule mji wa Punta Arenas, na ile hila yake ya kumwaga misumari midogo ya kapeti juu ya sitaha ncha zikiangalia juu alafu anaenda kulala ni ya akili sana, waliopanda usiku miguu mitupu walipiga kelele wakaruka majini. Hiyo misumari naiuza kila wiki, ni midogo ata huwezi ishika kwa vidole vya fundi. Lakini miaka hiyo hiyo ndio wafugaji wa kondoo walikuwa wanawanyang'anya wenyeji wa huko ardhi na kuwaua, na Slocum anapita hapo haoni mtu anayefukuzwa kwake, anaona tu adui. Mimi nikisoma kutoka hapa Nyanza siwezi kupita hiyo kimya, na ukimpa mtoto hiki kitabu kaa naye kwa hizo kurasa.

Kitu kingine ni familia. Mke wake wa kwanza, Virginia, aliishi naye melini miaka mingi na kuzalia watoto huko huko, akafa kule Buenos Aires mwaka 1884, na ndani ya hiki kitabu habari zake za maana huzipati. Baadaye meli yake ikaharibika Brazil, akaunda mashua nyingine kwa mikono yake, akairudisha familia mpaka Marekani, mke wake wa pili Hettie na vijana wawili, maili 5,500, hiyo nayo anaigusa tu juu juu. Mwanzoni niliona ni baridi. Baadaye nikafikiria mjomba, ambaye shangazi alifariki na hajawahi kulitaja jina lake kazini ata siku moja, lakini kikombe chake bado kiko kwenye sanduku la vifaa. Kwa hivyo hapo sijui nimlaumu vipi.

Mwisho wake hauko kitabuni kwa sababu ulikuja baadaye. Mwaka 1909 aliondoka tena peke yake na Spray ile ile kutoka Vineyard Haven akielekea Amerika Kusini, hakuonekana tena, na 1924 ndio sheria ikamtangaza amekufa. Nilimwambia mjomba akauliza mashua ilikuwa na miaka mingapi wakati huo tangu itengenezwe. Nikahesabu, karibu 15. Akasema alikuwa anaikalafati, yaani kuiziba kwa pamba, na nani? Na mimi sikuwa na jibu.

Kwa wanaolinganisha: ukitaka kusoma kuhusu kuzunguka bila kusimama mahali popote, huyo ni Robin Knox-Johnston wa Uingereza, alirudi Aprili 1969 baada ya zaidi ya siku 300, na mashua yake iliundwa India ikaitwa Suhaili, jina la upepo kwa mabaharia Waarabu, ambalo ni jirani kabisa na suheli yetu ya Kiswahili. Nilifurahia hiyo. Lakini kwa uandishi bado namweka Slocum mbele.

Lugha: Kiingereza chake ni cha zamani na maneno ya matanga ni mengi, nilikwama sana mpaka nikampigia rafiki yangu wa Lamu, na kumbe kila kitu kina jina kwetu, foromali, demani, mkuku, mataruma, shetri, joshi, hatuna upungufu wowote. Natamani sana mtu wa pwani akitafsiri, na kwa sababu kitabu ni cha zamani hakuna wa kumdai haki miliki. Na kwa hiyo sababu pia unaweza kukisoma bure kwa intaneti kwenye foni, kwa hivyo usitoe 1,200 kwa kava nzuri. Kama unataka cha karatasi, kabla hujalipa omba muuzaji akupigie picha ya ramani ya safari na kurasa mbili tatu za Magellan. Kama ramani hakuna, wachana nayo, utapotea ukifika Pasifiki.

Nyota: toleo la kwanza nililonunua napea moja, kwa ajili ya kava. Kitabu cha 300 bob napea tano, nikikata nusu kwa yale nimesema ya Tierra del Fuego. Saa hii siko nacho. Mjomba alikibeba wiki iliyopita akasema anataka kuangalia ule mchoro wa mashua kwa utulivu, na jana nikipita Dunga nimekuta nyuma ya kibanda chake kuna sanduku refu la mbao limepigiliwa misumari, upande mmoja limetobolewa shimo la bomba, na sufuria kubwa ya kupikia ugali wa mazishi imekaa juu ya mawe matatu. Ameniambia nimletee bomba ya inchi moja na nusu kutoka dukani, futi tatu, na nimuandikie bei kwa risiti.